Gashete ya Wilfried

Baraka, 3 Machi 2024

Ndugu yangu Darius,

Nimekuficha jambo moja tangu kiangazi kile tuliporudi kutoka kambi za Tanzania. Siku zile ulipokosa wanyama mbele ya Mzee Norbert na wawindaji wote, bunduki uliyoshika haikuwa ile uliyoizoea. Nilikuwa nimetoa gashete ya zamani, kile chuma kinachovutwa kwa kidole, na kuweka nyingine, na sikukuambia. Ulikosa kwa sababu yangu. Mkeo wa wakati ule, Ketsia, hakukukosea lolote.

Nimeyaweka haya mwanzoni ili hata kama utaichana barua baada ya mistari michache, uwe umekwisha kuyasoma.

Mwandiko umelegea lakini ni wangu. Figo zimechoka. Daktari huzungumza nje ya mlango na Gentille, mtoto wa dada yangu anayenitunza, kisha huingia kwangu akitabasamu. Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Naijua sura ya mtu anayeficha jibu. Ningekupigia simu, ila simu ya Kilembwe hukatika katikati ya neno, na neno hili sitaki likatike. Ndiyo maana nampa Bienfait wa pikipiki, anayekuja huko kuchukua mihogo.

Unamkumbuka Wilfried, mdogo wangu aliyeko Ubelgiji. Alipokuja kwenye matanga ya mama aliishika karabini ya marehemu baba, akavuta gashete bunduki ikiwa tupu, akacheka hadi machozi. "Yaya, kaka yangu, hii ni gashete ama ni breki ya lori?" Kule anawinda nguruwe wa porini pamoja na wakwe zake, na kule mtu akishanunua bunduki huitafutia viungo bora kuliko vile ilivyozaliwa navyo. Miezi kadhaa baadaye nikaletewa kisanduku kidogo kutoka kwake: gashete mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za aina yetu, na maelezo yake kwa Kifaransa. Nilifunga mlango, nikafungua skrubu za chini, nikatenganisha chuma na mti, nikasukuma pini, nikatoa ya zamani na kuweka mpya. Haikuwa kazi ngumu. Maharagwe yalikuwa hayajaiva jikoni nilipomaliza.

Gashete ya zamani unaijua kuliko mimi. Ilikuwa na hatua mbili. Kwanza kidole kinakwenda bure, laini, mpaka kinagota. Hapo mtu anangoja pumzi itulie, kisha anavuta kwa nguvu ndipo risasi inatoka. Wewe ulikuwa na desturi yako. Ile hatua ya bure uliimaliza mapema, wakati unainua bunduki, mdomo wake ukiwa bado unamtafuta mnyama. Ikifika begani, kidole kimekwisha kugota. Hakuna aliyekuwa mwepesi kama wewe.

Gashete ya Wilfried haina hatua ya bure. Kidole kikiegemea tu, imelia. Ulifanya ulivyozoea, na risasi ikatoka bunduki ikiwa bado inatazama majani. Mara ya kwanza watu walicheka. Ya pili wakatazamana. Ya tatu Mzee Norbert akauliza lile swali ambalo kila mwindaji wa kwetu huliogopa: "Nyumbani kwako kunalalwaje?" Kwa maana kwetu mkono wa mwindaji ukiharibika, hutazamwa mke, amelala na mwanamume gani.

Nilijua kwamba ungekosa. Ndiyo maana nilikupa.

Sasa nasikia jamaa za Casimir wa Lusenda wanamtaka Aline, binti wa Ketsia, kwa kijana wao, nao wanataka kupokelewa na baba yake kama inavyotakiwa, na wewe umewajibu waende wakamtafute huyo baba. Baba ni wewe. Ketsia alikuwa na mimba yako ulipomrudisha Lweba kwa kaka zake. Shuka Lweba kabla ya Pentekoste ukawapokee wageni.

Ndugu yako,
Albert


Kilembwe, 20 Machi 2024

Mwalimu Albert,

Bienfait alinikuta shambani, nikasoma barua yako nimesimama, nikarudi nyumbani nikaisoma tena nimekaa. Pole kwa ugonjwa. Mungu akusaidie.

Lakini, Mwalimu, we ulikuwa muntu wa hesabu, na hesabu hii haikamate. Kule kambini Lugufu ulinigawia chumvi yako. Mutoto wangu wa kwanza alipokufa ni we uliyechimba pamoja na mi. Muntu wa namna hiyo anaweza kuniharibia mukono kwa sababu gani? Sababu haukuandika. Umeandika skrubu na pini.

Mi nimekaa na barua hii nikaona kitu kingine. Muzee iko karibu kufa, anatafuta uongo wa kusafisha muke wa mwenzake. Kwa nini? Hakuna muntu anabeba muzigo ya wengine bure. Miaka hii yote mi nimejiuliza ni nani. Nilipita banaume wote kwa kichwa yangu: ba korali ya kanisa, ba soko la samaki, yule wa kinu ambaye alikuwa anamuongezea unga. We sikukuweka. Sasa nakuweka. Nani alikuwa anaingia kwangu bila kupiga hodi? Ni we. Nani alimufundisha Ketsia kusoma? Ni we. Na leo nani anakumbuka kwamba alikuwa na mimba, na ni ya nani?

Nijibu hili moja: ulimupenda muke wangu?

Usipojibu, usiniandikie tena. Na bantu ya Casimir bakae na mbuzi zao.

Darius

Muke wangu wa sasa amepita hapa, ananiuliza naandikia nani na uso umefunga hivi. Nimemwambia naandikia serikali.


Baraka, 2 Aprili 2024

Darius,

Hapana. Sikumpenda Ketsia kwa namna unayoiuliza, wala sikumtamani, na nilipomfundisha kusoma mlango ulikuwa wazi na mke wangu Anastasie alikuwa akituchambulia mboga karibu na miguu yetu. Umeuliza swali la wivu, na wivu ulikuwepo kweli. Umebisha tu nyumba isiyo yake. Wivu ulikuwa wangu, na ulikuwa juu yako.

Ulitaka sababu. Sikuiandika kwa kuwa ni ndogo, na mtu anayekufa angependa dhambi yake iwe na kimo.

Bunduki ilikuwa ya baba yangu. Risasi nilizinunua mimi, kwa mshahara wa mwalimu, wakati mshahara ulipofika. Lakini nyama kwetu inaitwa kwa jina la aliyepiga. Mwenye bunduki anapewa mguu wa nyuma na hatajwi. Kila Jumamosi mtaa mzima uliita: nyama ya Darius imeshuka, nendeni kwa Darius, Darius amewagawia wajane. Mimi nilibeba mguu wangu nyumbani kama mtu aliyepewa sadaka kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Marehemu Anastasie alikuwa akiipokea nyama, anaifungua, anainusa, kisha ananiuliza kwa upole, "Hii ni ya Darius ama ni yako?" Yangu ilinuka matumbo, maana nilikuwa napiga tumboni. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kujua aweke pilipili kiasi gani.

Na Ketsia. Wanawake walipokuwa wakitwanga pamoja nyuma ya nyumba yako, risasi ikilia mlimani mara moja, alisema bila kuinua kichwa, "Hiyo ni bwana yangu." Zikifuatana kadhaa, alisema, "Mwalimu anatoa dictée," kama ninavyorudiarudia maneno ya imla darasani. Wote walicheka. Anastasie naye alicheka, na ndiye aliyenisimulia, kwa nia njema kabisa, tukiwa tunakula. Nilicheka pamoja naye. Darius, bado sijamaliza kulimeza tonge lile.

Gashete ilipofika, nilidhani itanifanya niwe wewe. Nilikwenda peke yangu ng'ambo ya mto kujizoeza. Siku moja nilipiga kibuyu kwa risasi moja, nikakaa chini kwenye nyasi kwa furaha kama mtoto. Nilikuwa nimepanga kukuita uone. Nikiwa njiani kuja kwako nikafikiri: akiishika asubuhi moja tu atakuwa ameielewa, na Jumamosi atanipita tena, safari hii kwa gashete yangu. Nikageuka. Nilitaka ukose mara moja, mbele ya watu, ili waseme, "Loo, hata Darius." Neno hilo tu, "hata". Niliona nikilisikia litanitosha.

Halikunitosha. Nilikupa bunduki tena, na tena.

Kuhusu mke, sikumfikiria. Mimi nilikuwa mtu wa shule; mambo ya mkono wa mwindaji na kitanda chake niliyaita ujinga wa wazee. Nilisahau kwamba ninyi hamkuyaita hivyo. Norbert alipouliza lile swali, niliona uso wako ukibadilika, na bado nilinyamaza.

Hata sasa sijapona wivu huo. Bienfait aliponiambia alikukuta shambani, jembe mkononi, unalima mstari mrefu bila kupumzika, nilimwomba Gentille anigeuze nitazame ukuta.

Nakutumia gashete yenyewe, imefungwa kwenye kitambaa. Ivute. Kidole chako kitaikumbuka.

Albert


Lweba, 14 Aprili 2024

Shemeji Mwalimu,

Salamu za ugonjwa nimempa Gentille akuletee. Hii si ya salamu.

Darius ameniandikia. Miaka hii yote hakuuliza hata kama mutoto alizaliwa akalia, na sasa anaandika ukurasa mzima: "Ni Mwalimu? Sema kama ni Mwalimu." Asante sana. Mi niliondoka kwake na bwana wa uongo asiye na jina. Sasa umemupatia jina, na nyumba, na cheo.

Ya gashete pia ameandika, na ya dictée, naona ulimwambia yote. Basi nikuambie, ya dictée nilisema kweli. Ulikuwa unapiga vibaya, Shemeji. Ningejua mzaha ule utanipeleka wapi, ningesema unapiga kama malaika.

Unakumbuka bazee walivyokaa kwa kiwanja chetu? Tumbo yangu iko mbele yangu, nasimama kwa jua, hakuna aliyenipa kiti. Norbert ananibembeleza, "Mama, taja tu, tumalize, mukono wa bwana yako upone. Hatutakupiga." Mi nikabaambia, "Mukaulize bunduki yenu, mi siko na wa kutaja." Wote bakacheka. Mi sikujua kitu, Shemeji, nilisema tu kwa hasira, kwa sababu bunduki ndiyo ilikuwa pale imelazwa juu ya mukeka kama bibi harusi, na mi nimesimama.

We ulikuwa umekaa karibu na Norbert. Haukucheka. Nikaona, ni Mwalimu peke yake ananiheshimu. Siku ile nilikuombea. Nilipofika Lweba na godoro kichwani nilikuombea tena, wewe na nyumba yako.

Sasa nisikilize juu ya Aline. Amepata diplome yake mwaka jana, anafundisha bakubwa kusoma hapa kanisani, kijana wa Casimir alimuona hapo na akajifanya hajui kusoma ili akae darasani. Anajua vizuri sana kusoma. Tumecheka mpaka tumechoka. Ni kijana mwema.

Kaka yangu anaweza kupokea mahari, hakuna atakayemukataza. Lakini Aline amesema hatasimama mbele ya bageni kama mutoto wa mjomba, wakati baba iko hai na iko analima Kilembwe. Baba asipokuja, ndoa hakuna. Nimemulilia, hasikii. Unaona, hana chuki na baba yake. Iko na wivu. Anajua majina ya batoto wote wa Kilembwe, wale Darius alizaa na muke wa sasa, anajua nani iko darasa la ngapi, nani amenunuliwa viatu. Bienfait anamuletea habari zao kama vile anaziuza. Akisikia mumoja amesifiwa, siku hiyo hali chakula.

Darius anasema hakuamini, kuna kitu hakikai sawa katika maneno yako. Mi sijui ni kitu gani. We unajua. Kama umebakiza neno, litoe. Usiende nalo chini ukaniachia mi nilitafute.

Mama Aline,
Ketsia


Kilembwe, 27 Aprili 2024

Mwalimu,

Chuma nimekipata. Nilikwenda kukifungua nyuma ya jiko, peke yangu. Nikakivuta kwa kidole hiki. Mwalimu, nilijua hapo hapo. Siku ile mlimani nilisema kwa roho yangu, bunduki imeniruka kama samaki mukononi. Nikazani ni mukono. Si mukono. Ni hii.

Maneno ya wivu nimesoma. Muke wangu pia amesoma, amecheka ya pilipili. Mi sikucheka. Mi nikuambie yangu: mi pia nilikuonea wivu. Ulivaa viatu hata siku ya kazi. Ketsia aliposimama kanisani kusoma Neno, bamama walisema, "Mwalimu amemufundisha." Hakuna aliyesema, "Muke wa Darius ana akili." Nilikuwa naleta nyama, we unaleta maneno, na nyama inaisha. Kwa hiyo usijione uko peke yako.

Lakini nirudi kwa hesabu, maana iko inanikatalia.

Ketsia alipoondoka, Norbert alituita sisi wote. Alisema, muke ametoka, kesho Darius apande na bunduki ile ile. Mukono ukirudi, ni kweli alikuwa yeye. Mukono ukikataa tena, tumemukosea mutoto wa bantu, tutamurudisha na mbuzi ya kumuomba radhi. We ulikuwepo, ulikaa kwa kiti ya mti, ulikubali kwa kichwa kama wengine.

Asubuhi nikapitia kwako. Ukanipa bunduki. Haukunitazama. Nikapanda na mbwa, kengele zao zinalia mbele yangu. Mbawala akatoka kwa majani upande wa chini. Nikainua kama siku zote, nikavuta kama siku zote, akalala. Risasi moja, ya shingo.

Mi nililia, Mwalimu. Wenzangu walizani ni furaha. Njia yote ya kupanda nilikuwa naomba Mungu nikose. Nilimwambia, nikose leo tu, nimurudishe muke wangu, kisha chukua mukono huu kabisa. Alipolala yule mbawala, nikasema Mungu amenijibu: ni mwanamuke. Tangu siku hiyo sijaongea na muntu jina la Ketsia.

Sasa ona. Tukirudi, kabla ya kufika kwa mashamba, bantu wenye silaha bakatukamata njiani. Bakachukua mbawala, bakachukua na bunduki. Nilikuja kwako mikono mitupu, nikakuambia, ukasema "haizuru". Bunduki haikuingia kwako tena mpaka leo.

Basi hiki chuma nilicho nacho kimetoka wapi?

Kama kilikuwa ndani ya bunduki siku ya mbawala, kilikwenda na wale bantu. Kama hakikwenda nao, hakikuwa ndani. Na kama hakikuwa ndani, kilitoka lini? Ama hakikuingia hata siku moja, Wilfried amekutumia juzi, na we unacheza na kidole cha muzee mwenzako ili Ketsia apate kusafishwa?

Muke wangu anasema nikuache ufe kwa amani. Nimemwambia amani yake iko kwangu, imefungwa kwa kitambaa.

Nijibu wazi, siku na saa. Ukinijibu, nitavaa koti, nitashuka Lweba, nitakaa kwa kiti ya baba, na Aline ataniita mbele ya bantu ya Casimir. Usipojibu, mi nabaki na mbawala yule kuwa shahidi yangu, na sina mutoto Lweba.

Darius


Baraka, 8 Mei 2024

Ndugu yangu,

Gentille alitaka kuandika huku nikimtamkia. Nimekataa. Ameniwekea ubao magotini na mito mgongoni, naye amekwenda kukaa uani. Nikichoka napumzika, kisha naendelea. Utaona mahali ambapo wino umebadilika.

Umenishinda hata kwenye hesabu. Nitakuambia kitu cha aibu: niliposoma swali lako, kabla sijaogopa, niliona wivu. Nilisema, huyu ndiye alipaswa kusimama mbele ya ubao, na mimi nipande na mbwa. Nilipokifunga kile chuma kwenye kitambaa nilidhani nakupa ushahidi. Labda kuna mtu ndani yangu aliyetaka uuone upande wake wa pili. Sijui. Siwezi kumsifu mtu huyo, maana alikaa kimya miaka yote hii.

Naikumbuka jioni ya Norbert. Umeieleza sawasawa. Aliposema kwamba mkono ukikataa watamrudisha Ketsia, mimi peke yangu katika kiwanja kile nilijua kesho yake itakuwaje. Bunduki ilikuwa kwangu, imesimama nyuma ya kabati, na gashete ya Wilfried ikiwa ndani yake. Kama ingebaki hivyo, ungekosa. Ungekosa, na Norbert angetuma watu Lweba na mbuzi, na mke wako angerudi kabla kaka zake hawajamaliza kumwuliza maswali. Sikuhitaji kukiri. Sikuhitaji kusema neno hata moja. Nilihitaji tu kunywa uji wangu asubuhi na kukupa bunduki.

Utadhani niliogopa. Ningependa sana uoga uwe ndio jibu. Watu husamehe uoga. Kweli nilifikiri kwamba ukikosa na mke hayupo, siku moja mtu ataigeukia bunduki yenyewe. Lakini si hilo lililonisukuma.

Nikitoka kwa Norbert nilipita mbele ya nyumba yako. Ulikuwa umekaa kizingitini, kitenge cha Ketsia kiko magotini mwako, unakikunja, unakikunjua, unakikunja tena. Anastasie alikuwa amekuletea ugali. Alisimama na sahani mkononi, anakutazama, na machozi yanamshuka bila sauti. Kwenye uzio walikuwepo kina mama wengine, nao wanakulilia. Wale wale waliokuwa wamecheka na Ketsia, wale wale waliomnyima maji siku mbili kabla. Hakuna aliyeniona napita. Mke wangu mwenyewe hakuniona.

Mimi na Anastasie hatukujaliwa mtoto. Wewe ulikuwa na mkono, ulikuwa na jina, ulikuwa na mke mwenye mimba aliyeijua risasi yako kwa sikio, na sasa ulipovuliwa vyote walikupenda zaidi. Nilifika kwangu nikiwa nimesema moyoni: basi apige. Kwa kuwa anajua kupiga, apige. Nyama waiite jina lake, na aile peke yake.

Barua hii isome mbele ya Aline na jamaa za Casimir, yote, pamoja na sehemu ya ubaya wangu. Ketsia asiisikie kwa kupitia mtu. Mpe mkononi aisome mwenyewe, anajua kusoma vizuri. Usiniombee msamaha kwake. Akitaka atanipa, akikataa ana haki. Na ukikaa kwenye kile kiti, usiwaambie ulidanganywa na mzee mgonjwa. Waambie ulidanganywa na rafiki yako akiwa na nguvu zake zote na akili yake timamu.

Uliniuliza siku na saa. Ni asubuhi ile ile ya mbawala, jua likiwa bado halijatoka upande wa ziwa. Ulipobisha hodi ukanikuta nimejifunga shuka, sikukutazama kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta ya bunduki. Nilikuwa nimetoka kuitoa gashete ya Wilfried na kukurudishia ya zamani, ili upate kupiga.

Albert